Pingili Chini ya Mzigo: Majaribio ya Mifupa ya Binadamu, Modeli za Kompyuta na Wabebaji wa Muhuta

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi pingili za uti wa mgongo wa binadamu zinavyojaribiwa katika maabara ili kuthibitisha modeli za kompyuta, kisha inauliza modeli zilizothibitishwa kwa njia hiyo zina haki gani ya kuzungumzia shingo ya mama anayepanda milima ya Muhuta akiwa na dumu kichwani. Hoja yetu ni kwamba modeli haithibitishwi kwa jumla. Huthibitishwa kwa swali maalumu, kwa aina maalumu ya mzigo, na kwa mifupa ya watu maalumu. Aidha, tunapendekeza istilahi uhakiki na uthibitishaji zitenganishwe katika Kiswahili cha sayansi, kwa kuwa mkanganyiko wake unaficha udhaifu wa ushahidi.

1. Utangulizi

Barabara ya Taifa Namba 3, itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, inapita Muhuta ikiwa imebanwa kati ya maji ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mumirwa. Tarafa hiyo ilihesabiwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini hadi mwaka 2015, ulipoundwa mkoa wa Rumonge. Mashamba mengi yako mlimani, ilhali barabara na mitumbwi viko chini. Kwa sababu hiyo mazao hushuka na bidhaa hupanda, na sehemu kubwa ya safari hizo hufanyika juu ya kichwa cha mtu: mihogo, ndizi, kuni, ndagala waliokaushwa, maji na mawese.

Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na ushei. Likijaa mawese hupungua kidogo, takriban kilo 18, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa mwanamke mwenye uzito wa kilo 50, dumu la maji ni sawa na asilimia 40 ya mwili wake. Mzigo huo hutua kwanza juu ya kata, ambayo kwa Kirundi huitwa ingata, kisha fuvu, kisha pingili saba za shingo, na hatimaye pingili kumi na mbili za kifua na tano za kiuno.

Nini hutokea ndani ya mifupa hiyo? Hakuna anayeweza kuweka kipimo cha nguvu ndani ya pingili ya mtu aliye hai na anayetembea bila kumdhuru. Ndipo wahandisi wa tiba hugeukia kompyuta, na ndipo linapozuka swali la makala hii: kompyuta inayosema kwamba pingili imebeba kiasi hiki na itavunjika kwa kiasi kile, imejuaje?

2. Yaliyochunguzwa kuhusu mzigo wa kichwani

Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima katika historia ya utafiti wa mzigo wa kichwani. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: wanawake hao walipobeba mzigo, mwendo wao uliokoa nishati zaidi, mithili ya timazi inayobembea. Hata hivyo Lloyd na wenzake, waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2010, hawakuona nafuu hiyo kama kanuni ya watu wote.

Tafiti hizo zilipima pumzi na mwendo. Hazikupima mfupa. Kuhusu mfupa tunao ushahidi wa aina nyingine, yaani picha za eksirei. Levy aliandika kuhusu shingo za wapagazi katika jarida la tiba la Uingereza mwaka 1968. Jäger na wenzake, mwaka 1997, walilinganisha wabebaji wa Sierra Leone na watu wasiobeba, nao Echarri na Forriol, mwanzoni mwa karne hii, walichunguza wabebaji wa kuni wa Kongo, ng'ambo ya pili kutoka Muhuta kwa maana pana ya neno hilo. Pamoja na tofauti zao, tafiti hizo zinaelekeza upande mmoja: pingili na diski za shingo ya mbebaji huonyesha dalili zaidi za uchakavu.

Lakini eksirei huonyesha matokeo, haionyeshi njia. Haitwambii ni kiasi gani cha nguvu kilipita wapi, wala haitabiri nini kingebadilika iwapo mzigo ungepunguzwa nusu au kata ingebadilishwa umbo. Utabiri huo ndio kazi ya modeli.

3. Pingili maabarani

Kuvunja mifupa kwa makusudi ili kuijua si jambo jipya. Otto Messerer alichapisha mjini Stuttgart, mwaka 1880, kitabu kizima cha vipimo vya nguvu za mifupa ya binadamu. Mwaka 1957 Olof Perey wa Uswidi alieleza jinsi bamba la mwisho la pingili, ile sakafu nyembamba inayopakana na diski, linavyovunjika chini ya mgandamizo. Kilichobadilika tangu hapo ni kusudi. Zamani mfupa ulivunjwa ili ipatikane namba yake. Siku hizi huvunjwa pia ili kuihukumu kompyuta.

Jaribio la kawaida huendeshwa hivi. Pingili hutolewa katika mwili wa mtu aliyeridhia, alipokuwa hai, kwamba mwili wake utumike kwa sayansi. Huhifadhiwa katika barafu, kwa kawaida nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, na ikiyeyushwa hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, kwa maana mfupa uliokauka hukakamaa na kuwa mwepesi wa kupasuka, na hauwi tena shahidi mwema wa mfupa ulio hai. Nyama, mishipa na diski huondolewa. Mara nyingi vijiti vya nyuma ya pingili hukatwa pia, ubaki mwili wa pingili peke yake. Kabla ya kuguswa na mashine, hupigwa picha ya tomografia, yaani eksirei ya pande zote inayokusanywa na kompyuta kuwa umbo kamili.

Hufuata hatua ambayo kwa mgeni huonekana ndogo, nayo ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Uso wa juu na wa chini wa pingili si bapa. Ukiuweka chini ya bamba la chuma, chuma kitagusa vinundu viwili vitatu tu, na nguvu yote itapita hapo. Kwa hiyo kila upande humiminiwa saruji ya plastiki, ile ile itumiwayo na madaktari wa mifupa kushikilia nyonga za bandia, ili nguvu isambae. Mama wa Muhuta angelielewa jambo hili bila maelezo: saruji hiyo ni kata ya maabara. Na kama ilivyo kwa kata, ikikaa kombo kila kitu hubadilika. Kwa sababu hiyo mahali hasa pa kusukuma hutiwa alama, na alama hiyo hupelekwa katika modeli.

Mashine husukuma polepole, kwa mfano milimita moja kwa dakika. Kwanza hubonyeza na kuachia mara chache kwa nguvu ndogo ili mfupa na saruji vizoeane, kisha huendelea bila kurudi nyuma. Kompyuta huchora mstari wa nguvu dhidi ya umbali. Mstari huanza kwa kujikunja, hunyooka, kisha hufikia kilele na kuporomoka. Mteremko wa sehemu iliyonyooka ni ukakamavu wa pingili. Kilele ni uimara wake. Pingili za kiuno hutofautiana mno: za wazee wenye mifupa iliyopukutika zinaweza kushindwa karibu na nyutoni 2,000, na za vijana wenye afya hupita nyutoni 8,000. Mfupa mmoja huvunjika mara moja tu. Hakuna kurudia jaribio ili kuona kama ulikosea, na hapo ndipo ilipo heshima ya kila pingili na gharama yake.

4. Modeli na hukumu yake

Modeli inayohukumiwa hujengwa kwa picha ya tomografia ya pingili ile ile. Mbinu yake huitwa elementi zenye ukomo, nayo ilitumika kwa mfupa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, Brekelmans na wenzake walipochapisha uchambuzi wa mfupa wa paja. Umbo hugawanywa katika vipande vidogo, tuseme vichemraba vyenye upande wa milimita moja au mbili. Kila kichemraba hupewa ukakamavu kulingana na weupe wake katika picha, kwani penye madini mengi pana weupe zaidi. Kisha kompyuta hutatua milinganyo ya vichemraba vyote kwa pamoja na kutoa namba mbili zile zile: ukakamavu na uimara.

Hapa pana mlango wa udanganyifu, mara nyingi bila nia mbaya. Kanuni ya kugeuza weupe kuwa ukakamavu haikushuka kutoka mbinguni. Mtafiti huirekebisha hadi modeli ilingane na maabara. Akiirekebisha kwa pingili kumi, kisha akatangaza kwamba modeli yake imelingana vizuri na pingili hizo hizo kumi, amefanya kama mwalimu aliyempa mwanafunzi majibu usiku na mtihani asubuhi. Utaratibu wa haki ni kutumia kundi moja kurekebisha na kundi jingine, ambalo modeli haijawahi kuliona, kuhukumu.

Mlango wa pili ni wa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Pingili tatu zimevunjika kwa nyutoni 2,000, 3,000 na 4,000, na modeli imetabiri 4,000, 6,000 na 8,000. Uwiano wa takwimu kati ya safu hizo mbili ni kamili, ilhali kila jibu ni mara mbili ya ukweli. Modeli ya namna hiyo inaweza kupanga wagonjwa kwa daraja, nani dhaifu zaidi ya nani, lakini haifai kumwambia mtu abebe kilo ngapi. Ripoti inayotaja uwiano pekee haijasema yote.

Pamoja na tahadhari hizo, mbinu ina mafanikio. Crawford, Cann na Keaveny walionyesha mwaka 2003, kwa kupima pingili za binadamu, kwamba modeli za elementi zenye ukomo hutabiri uimara wa pingili vizuri kuliko kipimo cha wingi wa madini peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Wilcox na wenzake wamejaribu kwa miaka mingi pingili za binadamu na modeli zake, zikiwemo pingili zilizotiwa saruji kama tiba ya mivunjiko. Mwaka 2008 Jones na Wilcox walichapisha mapitio ya namna modeli za uti wa mgongo zinavyopaswa kupimwa, wakitenganisha maswali mawili ambayo Kiswahili chetu huyachanganya.

Swali la kwanza: je, kompyuta imetatua milinganyo kwa usahihi? Hili hujibiwa mezani, bila mfupa wowote, kwa mfano kwa kupunguza ukubwa wa vichemraba na kuangalia kama jibu linatulia. Swali la pili: je, milinganyo hiyo ndiyo inayoeleza mfupa? Hili haliwezi kujibiwa pasipo mfupa. Tunapendekeza la kwanza liitwe uhakiki na la pili uthibitishaji. Tunafahamu kwamba katika makongamano ya Kiswahili neno uhakiki lina wenyewe, nao ni wanafasihi. Lakini maana ya kulichunguza jambo kwa vigezo vyake lenyewe iko karibu kiasi cha kutosha, na fizikia haitawanyang'anya kitu. Kinachodhuru ni kuandika kwamba modeli "imehakikiwa na kuthibitishwa" kana kwamba ni maneno mawili ya jambo moja, ilhali la pili halikufanyika.

5. Kutoka maabara hadi Muhuta

Sasa turudi mlimani. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo nne na nusu. Kikiongezewa kilo 20, shingo iliyosimama wima hubeba karibu nyutoni 240. Mbebaji akiinamisha kichwa kidogo, misuli ya nyuma ya shingo lazima ivute ili mzigo usianguke mbele. Kwa makisio ya kueleza tu, kitovu cha uzito kikisogea mbele kwa sentimita mbili, na misuli ikivuta kutoka sentimita nne nyuma, misuli itahitaji nyutoni 120, na pingili itabanwa kwa nyutoni 360. Sentimita mbili zimeongeza mgandamizo kwa nusu nzima. Ndiyo maana mbebaji mzoefu hutembea kama mshumaa na kugeuza kiwiliwili badala ya shingo.

Nyutoni 360 ni mbali sana na nguvu ya kuvunja pingili nzima yenye afya. Mtu mwenye haraka angehitimisha kwamba modeli imewatoa wasiwasi wabebaji. Asingekuwa na haki hiyo. Jaribio tulilolieleza lilijibu swali la nguvu moja, inayopanda polepole hadi mfupa unashindwa. Mbebaji hauliziwi nguvu moja. Hatua zake ni maelfu kwa siku, na kila mguu unapotua kwenye mteremko mzigo hupiga kidogo juu ya fuvu. Brinckmann na wenzake walionyesha mwaka 1988, kwa kubonyeza pingili za kiuno hadi mara 5,000, kwamba mfupa huvunjika kwa nguvu iliyo chini ya uimara wake iwapo nguvu hiyo inarudiwa vya kutosha. Hizo zilikuwa pingili za maiti, zisizo na uwezo wa kujitengeneza usiku kama mfupa ulio hai. Hivyo jibu la kweli kwa mbebaji liko kati ya uchovu wa mfupa na ukarabati wake, na modeli iliyothibitishwa kwa msukumo mmoja haina la kusema hapo.

Kuna pia suala la kasi. Katika ukanda wa Rumonge mchikichi hupandwa na watu, na anayeanguka kutoka juu hufika chini kwa sehemu ya sekunde. Mfupa unaogongwa ghafla hukakamaa zaidi kuliko unaosukumwa milimita moja kwa dakika. Mivunjiko ya maanguko ya namna hiyo aghalabu hutokea pale kifua kinapokutana na kiuno, na vipande vya mfupa huweza kusukumwa nyuma kuelekea uti wenyewe. Modeli ya kukadiria jambo hilo yapasa ithibitishwe kwa mgongo wa kasi, si kwa mgongo wa polepole.

La mwisho ni mifupa yenyewe. Wanaotoa miili yao kwa sayansi huko Ulaya na Marekani kwa kawaida ni wazee, na majaribio mengi ni ya pingili za kiuno na za chini ya kifua, mahali ambapo mifupa ya wazee huvunjika. Mbebaji wa Muhuta anaweza kuwa na miaka ishirini na mitano, amebeba tangu utotoni, na sehemu inayotutia wasiwasi ni shingo. Mfupa hujijenga kulingana na kazi uliyopewa, jambo lililoandikwa na Julius Wolff mwaka 1892. Yamkini shingo yake ni imara kuliko ya mtafiti anayeipigia hesabu; yamkini imekwisha kuchakaa kwa ndani. Umri, sehemu ya mgongo na historia ya mzigo vyote vitatu viko nje ya uwanja ambamo modeli ilihukumiwa.

6. Miili, ridhaa na vipimo vinavyowezekana

Tiba rahisi ingekuwa kusema: basi na zijaribiwe pingili za watu wetu. Jambo hili halina wepesi huo. Gangata na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba shule nyingi za tiba barani Afrika hutegemea, kwa kufundishia anatomia, miili isiyodaiwa na ndugu. Mwili usiodaiwa haukuridhia kitu. Kuutumia kuvunja mifupa kwa ajili ya modeli kungekuwa kuwabebesha maskini mzigo mmoja zaidi baada ya kufa, na hatuoni kwamba haja ya takwimu inahalalisha hilo. Ridhaa ya kweli inahitaji mazungumzo marefu na familia na viongozi wa dini, kwa lugha ambayo watu huzikia wafu wao. Mifupa ya ng'ombe au kondoo hutumika mahali pengi kama badala, nayo yafaa kwa kujaribu mashine na mbinu. Shingo ya mnyama atembeaye kwa miguu minne haitoi ushahidi kuhusu dumu kichwani.

Liko hata hivyo fungu la kazi lisilohitaji maiti. Modeli ina pande mbili, mfupa na mzigo, na upande wa mzigo Muhuta inaweza kuutoa kuliko maabara yoyote ya Ulaya. Mizani ya sokoni inatosha kupima dumu, tenga la ndagala na mzigo wa kuni jinsi zinavyobebwa kweli. Hesabu ya safari kwa siku na hatua kwa safari, mwinuko wa njia, unene wa ingata na mahali inapokaa juu ya utosi, pembe ya shingo wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, umri ambao msichana alianza kubeba: yote haya hupimika kwa kamera ya simu, utepe wa fundi cherehani na daftari, kwa ridhaa ya mbebaji na kwa kumlipa muda wake. Kushuka kupimwe peke yake, kwa kuwa huko ndiko mguu hutua kwa kishindo, na mazao yanayokwenda barabarani hubebwa kwa kushuka.